Huduma zipo, ila nani kamwambia mzee asiyeona wala kusikia?

Mama yangu mkubwa ana pochi ya ngozi ambayo haiachi, akilala iko kichwani, akikaa iko mapajani, na mwaka huu akaniomba nimsafishie ndani maana zipu ilikuwa imekwama. Nikakuta karatasi tatu zimekunjwa mara nne nne mpaka mikunjo imeanza kukatika. Ya kwanza ya kliniki ya macho, inasema macho yakianza kupungua jizoeze kusikiliza redio na vitabu vilivyorekodiwa. Ya pili ya kliniki ya masikio, inasema ukiongea na mtu kaa penye mwanga, mwangalie usoni, fuata midomo. Ya tatu ndo ilinikalisha chini. Ilikuwa inaeleza kuhusu watu wanaokuja mpaka nyumbani kwa mzee ambaye haoni vizuri na hasikii vizuri, wanamfundisha kutembea na fimbo, kutumia vifaa, kuwasiliana kwa mikono, yaani kila kitu alichokuwa anakihitaji mama mkubwa kiliandikwa pale, kwa herufi ndogo za kijivu, na chini kabisa namba ya simu. Namba ya simu tu. Hakuna meseji, hakuna barua pepe, hakuna sehemu ya kwenda. Aisome vipi asiyeona, apige vipi asiyesikia?

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria tofauti ya kusambaza habari na kufikisha habari. Kusambaza tunajua, unachapa vipeperushi, unabandika bango, unatuma linki kwenye grupu, unatangaza redioni, alafu kwenye ripoti unaandika watu elfu kadhaa wamefikiwa. Sasa chukua hizo njia zote moja moja uangalie zinaingilia wapi. Bango linaingia kwa jicho, redio kwa sikio, kipeperushi kwa jicho, simu kwa sikio, mkutano wa hadhara kwa sikio na jicho. Kiziwi asiyeona ndo mtu pekee ambaye kila njia tuliyoizoea imepita pembeni yake, na ukiwa mzee juu ya hapo hata ile bahati ya kukutana na mtu barabarani akakwambia imepungua kwa sababu hutoki tena.

Kule Uingereza mwaka 1995 wizara yao ya afya ilitoa maelezo ya nani anahesabika kuwa kiziwi asiyeona, na mi nayapenda yale maelezo kwa sababu hayakuanzia kwenye vipimo vya hospitali. Wanasema ni mtu ambaye upungufu wa macho na wa masikio vikiwa pamoja vinamletea shida ya kuwasiliana, kupata habari na kutembea. Iangalie hiyo ya pili. Kutopata habari kumo ndani ya maana yenyewe ya huo ulemavu. Kwa hiyo ofisi ikisema tuna huduma nzuri sana ila wazee hawaji, hawajui, imeshataja ulemavu wenyewe inaotakiwa kuuhudumia. Ni sawa na kujenga kliniki ya miguu juu ghorofani bila lifti ukasubiri.

Na maelezo yale hayasemi lazima uwe kwenye giza totoro na ukimya mtupu. Walio wengi wanaona kidogo, wanasikia kidogo. Wapo wanaoona katikati tu kama wanachungulia kwenye bomba, wapo wanaoona pembeni tu, wapo wanaosikia sauti ila hawapati maneno. Watu wanachanganya hapa, wanamuona mzee amepokea kikombe bila kukosea wanasema huyu mbona anaona, kumbe kikombe kilikuwa cheupe juu ya meza nyeusi.

Kitu ambacho familia yetu hatukukijua, na hakuna kliniki iliyotuambia, ni jinsi jicho na sikio vinavyosaidiana kimyakimya. Mama mkubwa masikio yake yalianza kupungua zamani sana, polepole, na hakuna aliyejua hata yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa anasoma midomo bila kujua kwamba anasoma midomo. Presha ya macho ilipoanza kumla uwezo wa kuona ndo tukaona ghafla hasikii, tena hasikii kabisa, tukasema mbona jana alikuwa anaongea na sisi vizuri. Tukadhani anajifanya. Kuna mtu alisema amekuwa mkaidi, kuna mtu alisema uzee umempanda kichwani, na mi sikubisha. Masikio yalikuwa vilevile ya mwezi uliopita. Kilichokuwa kimeondoka ni yale macho yaliyokuwa yanayasaidia. Ndo maana wanaolijua jambo hili wanasisitiza kwamba uziwi-kutoona ni ulemavu wake wenyewe, huwezi ukachukua huduma ya asiyeona ukaijumlisha na huduma ya kiziwi ukapata jibu, kwa sababu kila huduma imejengwa juu ya kile kiungo kingine kilichobaki. Zile karatasi mbili za kwanza kwenye pochi zinathibitisha, kila moja ilikuwa inamtuma kwenye mlango ambao mwenzake ameshaufunga.

Sasa kabla hujamfikishia mtu habari lazima umjue yuko wapi, na hapa ndo mambo yanakuwa magumu kwa sababu wazee hawa hawajiiti hilo jina. Muulize mzee wa miaka themanini kama yeye ni kiziwi asiyeona atakataa, tena atachukia. Atakwambia macho yamechoka, masikio yanazibaziba, ni umri tu. Na kweli vyanzo vyenyewe ni vya umri, mtoto wa jicho, presha ya macho, kisukari kinachoharibu mishipa ya nyuma ya jicho, ile sehemu ya katikati ya retina inayochakaa, na masikio yanayopoteza sauti za juu kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowaletea shida maishani. Ongeza na upungufu wa kuona juu ya hesabu hiyo. Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona, lile lililoanzishwa Auckland mwaka 2001, lilitoa ripoti yake ya kwanza ya dunia mwaka 2018 na kukadiria kwamba kati ya asilimia 0.2 na asilimia 2 ya watu wana hali hii, na kadri umri unavyopanda ndivyo idadi inavyopanda.

Lakini picha iliyoko vichwani mwetu ni ya mtoto. Ukitaja kiziwi asiyeona watu wanamkumbuka Helen Keller, yule Mmarekani aliyepoteza macho na masikio tangu utotoni, akiwa na miaka sita kwenye bomba la maji mwaka 1887, mwalimu wake anamuandikia neno mkononi, na ni habari nzuri sana, ila Helen Keller huyohuyo alizeeka, alifariki 1968 akiwa na miaka 87, na huo uzee wake nani anauongelea. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ukitafuta wanapotajwa viziwi wasioona kwa jina utakuta kifungu cha 24, kifungu cha elimu, na pale wanasema hasa watoto. Sisemi watoto wasitajwe. Nasema mwenye miaka 78 anayeanza kupotelewa na vyote viwili anatafuta jina lake kwenye orodha ya huduma anakuta wazee, anakuta wasioona, anakuta viziwi, alafu anakuta shule. Anaenda dirisha la wasioona wanamwambia jaza fomu tutakupigia.

Ndo maana mi naona bango linaloandikwa HUDUMA KWA VIZIWI WASIOONA haliwezi kumpata mzee hata kama angekuwa na macho mazuri ya kulisoma, na hata watoto wake watalipita. Andika wanavyoongea wenyewe. Je, mzazi wako anaongeza sauti ya redio na bado anauliza wamesema nini, anashika ukuta akitembea, ameacha kwenda kwenye ibada na mikutano, anajibu kitu ambacho hukumuuliza? Mtoto wake akisoma hivyo atasimama, huyu ni mama.

Kuna habari nyingine ambayo ikikosekana inaumiza vibaya. Kuna wazee ambao macho yakipungua sana wanaanza kuona vitu ambavyo havipo, watoto wamekaa kwenye kona, maua ukutani, watu wadogo wamevaa kofia, na wenyewe wanajua kabisa havipo. Mswisi mmoja, Charles Bonnet, aliandika habari hizi mwaka 1760 akieleza hali ya babu yake aliyekuwa na mtoto wa jicho, na hali hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ni ubongo unajichorea picha kwa sababu jicho limeacha kuleta, siyo kichaa. Sasa mzee ambaye hajaambiwa hivyo anakaa na hofu moyoni, hasemi, akisema anaambiwa amechanganyikiwa, na kama hasikii pia majibu yake yanakuwa ya kuhangaika, basi anapewa jina la ugonjwa wa kusahau na mlango unafungwa. Na ni kweli pia kwamba kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 iliweka upungufu wa kusikia, na upungufu wa kuona usiotibiwa, kwenye orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupata huo ugonjwa. Ni sababu mbili za kuwahi, kumtofautisha asiyeumwa, na kumkinga anayeweza kukingwa.

Alafu tuachane na kuwaweka wote kapu moja. Njia aliyoingilia mtu ndo inaamua habari imfikie kwa namna gani. Kuna mzee aliyezaliwa kiziwi, amekua na lugha ya alama, ameoa, amelea watoto kwa lugha ya alama, macho yakaanza kufifia usiku kwanza alafu pembeni, wengi wa hawa wana ile hali ya kurithi inayoitwa Usher. Huyu ukimpa maandishi makubwa unaweza kuwa hujamsaidia kwa sababu lugha yake haijawahi kuwa ya maandishi, yeye anahitaji mtu wa lugha ya alama atakayemuacha aweke mikono juu ya mikono ya huyo mtu, aifuate kwa kugusa. Kuna aliyekuwa haoni tangu ujana, amesoma nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kugusa, vidole vyake vina akili, akipoteza masikio huyu ukimpa karatasi ya nukta nundu au kile kifaa kinachoinua nukta chini ya vidole kikiunganishwa na simu, anasoma meseji zake mwenyewe na kujibu, hahitaji mtu katikati. Na kuna hawa wa tatu, walio wengi, akina mama mkubwa, ambao waliona na kusikia miaka sitini au sabini, hawajui alama hata moja wala nukta, na wengine kisukari kimewafanya vidole vife ganzi kwa hiyo hata kujifunza nukta ni kazi. Hawa wana kitu kimoja ambacho watoa huduma wanakisahau, wanaongea. Sauti yao ipo, lugha yao ipo, wanaweza kuuliza maswali kwa mdomo siku nzima, ni majibu tu ndo hayana pa kuingilia.

Pa kuingilia papo, kwenye kiganja. Unamgusa kwanza juu ya mkono au begani, taratibu, unatulia, usimvamie. Unajitambulisha kwa alama yenu, mi mama mkubwa ananijua kwa saa, anagusa saa yangu basi. Unachukua kiganja chake, unaandika kwa kidole herufi kubwa moja, alafu nyingine juu ya palepale, hutembei kwenda kulia kama kwenye daftari, neno likiisha unatulia kidogo, ukikosea unapitisha kiganja chako juu ya chake kama unafuta ubao. Mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuanza leo. Wazungumzaji wa Kijerumani wana mfumo wa haraka zaidi ambao mwandishi Hieronymus Lorm, mwenyewe alikuwa amepoteza vyote viwili, aliubuni mwaka 1881, kila herufi ina sehemu yake mkononi, huku nukta, kule mstari, na watu wanaongea nao kwa kasi mpaka leo. Lakini kwa kuanzia herufi kubwa zinatosha. Na ukiondoka mwambie unaondoka, maana hakuna kinachodhalilisha kama kuongea na kiti kitupu.

Kwa hiyo habari ya huduma kwa mzee huyu ni ziara. Naisema hivi kwa sababu bajeti zinaandikwa kinyume chake, hela inaenda kwenye uchapaji, mtu wa kwenda anakosekana. Uingereza waliliona hili, mwaka 2001 wakatoa mwongozo na baadaye ukaingia chini ya sheria ya matunzo ya mwaka 2014, kwamba halmashauri kule England inatakiwa iwatambue viziwi wasioona walio kwenye eneo lake, iwasiliane nao, iweke kumbukumbu yao, na anayewafanyia tathmini awe amefunzwa mambo haya. Utaratibu umeanza na kutafuta. Jukumu limewekwa kwa mwenye miguu na macho, mzee hajaachiwa atafute mwenyewe. Marekani nao, kwenye sheria yao ya mwaka 2010, waliweka mpango wa kugawa vifaa vya mawasiliano kwa viziwi wasioona wenye kipato kidogo, mpaka dola milioni 10 kwa mwaka, na ndani yake wakatenga fungu la kuwatafuta watu na kuwaambia kwamba vifaa vipo. Walijua kifaa kikikaa stoo bila mtu kujua ni sawa na hakipo.

Siyo kila mahali pana halmashauri ya namna hiyo, naelewa. Lakini kila mahali pana watu ambao tayari wanamgusa mzee, na hao ndo njia yetu, muuguzi wa kliniki ya sukari, anayempimia miwani, muuza dawa, kiongozi wa dini anayetembelea wagonjwa, jirani anayemletea maji. Mpe huyo maelezo mafupi, nani anatoa huduma gani, wapi, anapatikanaje kwa meseji na kwa kwenda mwenyewe, na tarehe ambayo mtu alihakikisha mara ya mwisho. Tarehe tafadhali. Orodha za huduma zinaoza haraka kuliko tunavyodhani, mradi unaisha, mtu anahama, namba inabadilika, na mtu mwenye macho akipiga namba iliyokufa anatafuta nyingine dakika hiyohiyo, ila mzee huyu alitumia wiki nzima kumpata mtu wa kumpigia, ikifeli hatajaribu tena. Na zile kliniki mbili, ya macho na ya masikio, swali moja tu lingebadilisha mengi, anayepima macho aulize na unasikiaje, anayepima masikio aulize na unaonaje. Ni sentensi moja kwenye fomu.

Familia na sisi tuseme ukweli. Habari nyingi zinafika mpaka kwa mtoto au mkwe na kuishia hapo, kwa sababu tumeshamuamulia. Hataweza, ameshazeeka, fimbo itamuaibisha, atajifunza saa ngapi. Mi nilikuwa hivyo. Ile fimbo nyeupe yenye mistari myekundu ambayo nchi nyingi inatambulisha mtu asiyeona wala kusikia, niliona aibu mimi kabla yake yeye, na yeye hakuwa hata ameulizwa. Kuna upande mwingine pia, watu wenye nia njema wanachukua picha ya mzee, jina, ugonjwa, nyumba anayokaa, wanarusha kwenye magrupu wanaomba msaada, na yeye amekaa palepale hajui kwamba watu mia tatu wanamtazama. Kusambaza habari za huduma na kusambaza habari za mzee ni vitu viwili tofauti kabisa. Hicho cha pili kinahitaji ruhusa yake, kiganjani, kabla.

Ile karatasi ya tatu nilimsomea jioni ileile. Ilichukua karibu saa nzima. Nilifupisha, unafupisha huwezi kuandika kila neno, WANAKUJA NYUMBANI, nikasubiri, akarudia kwa sauti wanakuja nyumbani, WANAFUNDISHA KUTEMBEA, akarudia, VIFAA, akauliza vya nini, VYA KUSIKIA NA KUSOMA. Mkono wake ulikuwa umelegea mwanzoni, tulipofika hapo ukakaza, akauvuta wangu karibu zaidi na mwili wake kama anaogopa nitaacha katikati. Nilipomaliza akakaa kimya kidogo, alafu akauliza hii karatasi ilikuja lini.

Nyuma kulikuwa na muhuri wa tarehe. Nikamuandikia mwaka, tarakimu moja moja. Akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaishia kwenye kidole cha nne, akakishika.

Akauliza kama wale watu bado wapo.

Nikaandika NAENDA KUULIZA KESHO.